Nyumba imenunuliwa, kazi haijaanza

Desemba 2003, kwenye mnada wa Sotheby's jijini New York, iliuzwa nyumba ya chumba kimoja. Kuta zake za nje ni vioo vitupu, sakafu ni mawe ya travertini, na yote imebebwa na nguzo nane za chuma kando ya mto Fox, karibu na mji mdogo wa Plano, jimboni Illinois. Ludwig Mies van der Rohe aliisanifu kwa ajili ya Dkt. Edith Farnsworth, daktari wa figo wa Chicago, na ilikamilika mwaka 1951. Wapenzi wa usanifu walikuwa na hofu moja kubwa: kwamba tajiri mmoja angeishinda mnadani, akaing'oa vipande vipande na kuihamishia anakotaka. Serikali ya jimbo iliwahi kukubali kuinunua kwa dola milioni 7, kisha mpango ukafa. Ikabidi asasi mbili za uhifadhi, ya kitaifa na ya Illinois, zishirikiane na kundi la marafiki wa nyumba hiyo kutafuta fedha kwa watu binafsi. Wakashinda kwa dola milioni 7.5, na mwaka uliofuata milango ikafunguliwa kwa umma.

Habari za namna hii huishia hapo kwenye magazeti. Nyumba imeokolewa, picha zimepigwa, watu wamepongezana. Lakini mto Fox haukusoma magazeti hayo. Septemba 2008, mvua za masalia ya kimbunga Ike ziliufurisha, na maji yakaingia ndani hadi kina cha sentimita 45 hivi. Sakafu ile iko zaidi ya mita moja na nusu juu ya ardhi, kimo kilichowekwa makusudi kwa ajili ya mafuriko, na bado haikutosha. Haikutosha mwaka 1954, wala 1996, mwaka ambao maji yalivunja kioo na kuharibu mbao za ndani. Safari hii samani ziliinuliwa juu kadiri ilivyowezekana, lakini kabati kubwa la nguo la mbao liliharibika, na wageni wakafungiwa mlango wakati kazi ya kukausha na kurekebisha ikiendelea. Baadaye wahandisi walichora mipango ya kuilinda, mmojawapo ukiwa wa kuweka jeki za haidroliki chini ya nyumba ili inyanyuliwe mto unapopanda.

Dola milioni 7.5 hazikununua hata jeki moja kati ya hizo. Zilinunua hati ya umiliki tu, yaani haki ya kuanza kubeba mzigo. Makala haya yanahusu fedha zinazokuja baada ya hati, kwa sababu naamini hapo ndipo kampeni nyingi za kuokoa nyumba za kihistoria hushinda au hushindwa, na ndipo wachangiaji wanapoelezwa machache mno.

Kwa nini nyumba hizi hasa

Nyumba za mtindo wa usasa, zilizojengwa zaidi kati ya miaka ya 1920 na 1970, hutambulika kwa paa bapa, madirisha yanayotoka sakafuni hadi darini, zege lisilofichwa, chuma chembamba na ndani kulikoachwa wazi bila kuta nyingi. Zina bahati mbaya ya kuonekana changa. Watu wako tayari kuandamana kwa ajili ya jengo la karne tatu lenye nakshi kila pembe, ila boksi jeupe la mwaka 1950 wanaliona kama nyumba iliyochakaa tu. Kwa hiyo anayechangisha kwa ajili ya boksi hilo ana kazi mbili: kuomba fedha, na kabla ya hapo kumfanya mtu aone kilichomo.

Kisha kuna ardhi. Nyingi zilijengwa kwenye viwanja vikubwa pembezoni mwa miji, na miji ikazifuata. Leo kiwanja kina thamani kuliko nyumba iliyo juu yake, na mnunuzi wa kawaida huiona nyumba kama kifusi ambacho bado hakijabomolewa. Richard Neutra alisanifu nyumba ya familia ya Maslon huko Rancho Mirage, California, ikakamilika mwaka 1962. Mwaka 2002 iliuzwa kwa dola milioni 2.45, na wiki chache baadaye mnunuzi akaivunja. Hakukuwa na muda hata wa kuitisha mkutano. Wengi hudhani kwamba jengo likishaandikwa kwenye orodha ya kitaifa ya majengo ya kihistoria limepona. Nchini Marekani orodha hiyo haimzuii mmiliki binafsi kubomoa kwa fedha zake. Kinachoweza kumzuia ni sheria ya mji au sharti lililoandikwa kwenye hati. Nchi nyingine zina sheria kali zaidi, lakini hata huko sheria inaweza kuzuia tingatinga, ila haiwezi kumlazimisha mtu kuziba paa linalovuja.

Na paa litavuja. Hili linawagusa wachangishaji moja kwa moja, kwa sababu nyumba hizi zilikuwa majaribio. Wasanifu walitumia vifaa ambavyo hakuna aliyejua vitazeeka vipi. Kioo cha safu moja kilichoshikwa na fremu nyembamba ya chuma hukusanya unyevu wakati wa baridi, maji hutiririka hadi kwenye fremu, fremu hushika kutu, kutu hutanuka, kioo hupasuka. Zege nalo lina ugonjwa wake. Hewa ya ukaa hupenya ndani yake polepole kwa miongo na kuondoa kinga iliyokuwa ikizilinda nondo. Nondo zikianza kutu huvimba, na zege lililozifunika humeguka kwa vipande. Pale ambapo msanifu alitaka ukuta mwembamba kupindukia, nondo ziko karibu na uso wa zege, na ugonjwa hufika mapema.

Fundi wa kawaida ana tiba za haya yote: fremu nene, vioo viwili viwili, paa jipya lenye mteremko. Tiba hizo zitaiua nyumba, kwa kuwa ule wembamba ndio uliowafanya watu waje kuitazama. Mhifadhi anatakiwa kuponya bila kuonekana, na kutoonekana ni ghali. Kule Pennsylvania, nyumba ya Fallingwater ya msanifu Frank Lloyd Wright iliyojengwa miaka ya 1930 ina vibaraza vya zege vinavyoning'inia juu ya maporomoko ya maji. Kibaraza kikuu kilishuka taratibu kwa miongo, kwa takriban sentimita 18 kwenye ncha. Mwaka 1997 kiliwekewa mihimili ya muda ya chuma ili kisianguke. Mwaka 2002 mafundi waliinua mawe ya sakafu ya sebule, wakapitisha nyaya za chuma kando ya mihimili ya zege iliyokuwa chini, wakazivuta hadi zikabeba uzito, kisha wakarudisha mawe mahali pake. Kibaraza hakikunyooshwa kikawa sawa. Kilizuiwa tu kisiendelee kushuka. Mradi mzima wa ukarabati uligharimu karibu dola milioni 11.5. Nyumba yenyewe ilipojengwa iligharimu takriban dola 155,000. Anayetembelea leo haoni chochote kilichofanyika, na ndivyo ilivyokusudiwa.

Mafungu ya fedha, na lile linalosahaulika

Ukisoma bajeti ya kampeni iliyopangwa vizuri utakuta mafungu manne. La kwanza ni la ununuzi, pamoja na ada za wanasheria na uchunguzi wa jengo. La pili ni la ukarabati. La tatu ni la kuigeuza nyumba ya mtu iwe mahali pa umma: njia ya kiti cha magurudumu, milango ya dharura, king'amuzi cha moshi, choo cha wageni (choo kilichokuwamo mara nyingi ni sehemu ya urithi na hakitumiki), sehemu ya kuegesha magari, bima. Fungu hili huwashangaza wengi. Unaweza kuwa na nyumba iliyokarabatiwa ikapendeza na bado ukanyimwa kibali cha kuifungua.

La nne ni wakfu: mtaji unaowekezwa na kubaki palepale, ambapo kila mwaka hutolewa kutoka kwenye faida yake kiasi kidogo, kwa kawaida asilimia 4 au 5 ya mtaji huo, kuhudumia nyumba. Nataka kukaa hapa kidogo, kwa sababu hesabu ya wakfu ndiyo inayoonyesha ukubwa halisi wa jambo lote.

Chukua nyumba ya mfano. Ni ndogo, kwa hiyo haiwezi kupokea zaidi ya watu 12 kwa mara moja. Weka makundi manne kwa siku, siku nne kwa wiki, wiki 40 kwa mwaka, kwa kuwa wiki zilizobaki ni za baridi kali au za matengenezo. Nafasi zote zikijaa, ni wageni 7,680. Kwa tiketi ya 15 utapata 115,200. Lakini nafasi hazijai zote. Ukijaza nusu umefanya kazi nzuri, na una 57,600. Upande wa pili kuna mshahara wa msimamizi, waongozaji wageni, bima, umeme, kusafisha vioo, kukagua paa, bustani, na akiba ya matengenezo makubwa yajayo. Seti yote ikigharimu 150,000 kwa mwaka, una pengo la 92,400. Ili wakfu utoe kiasi hicho kwa asilimia 4 bila kuliwa mtaji, unahitaji 2,310,000. Badilisha tarakimu upendavyo. Umbo la hesabu halibadiliki. Nyumba ndogo haiwezi kujilisha kwa tiketi. Fallingwater imepokea zaidi ya watu milioni 5 tangu ifunguliwe mwaka 1964, na hiyo ni hali ya pekee kabisa. Anayeandika mpango wa biashara kwa kuitazama Fallingwater anajidanganya na kuwadanganya waliomwamini.

Kwa nini basi wakfu husahaulika? Kwa sababu hauna picha. Nyumba inayokabiliwa na tingatinga ina tarehe, ina adui, ina hofu. Paa jipya lina kabla na baada. Mtaji uliokaa benki ukitoa asilimia 4 hauna hadithi ya kumsimulia mtu anayetoa fedha kidogo jioni akitoka kazini. Wachangishaji hujiambia watautafuta baadaye, mambo yakitulia. Kwa maoni yangu hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote katika kazi hii. Mambo yakitulia, moyo wa watu nao hutulia. Hakuna siku nyumba itapendwa kama siku inapokaribia kupotea, na siku hiyo ndiyo ya kuomba fedha za miaka 50.

Inawezekana kuomba hivyo. Nyumba ya ufukweni ya msanii na mtengeneza filamu Derek Jarman huko Dungeness, Uingereza, si ya mtindo wa usasa. Ni kibanda cha mbao cha mvuvi chenye bustani ya mawe. Lakini kampeni yake ya mwaka 2020 inastahili kusomwa na kila anayechangisha kwa ajili ya nyumba. Lengo lilikuwa pauni milioni 3.5, na tangu siku ya kwanza umma uliambiwa wazi kuwa kiasi hicho ni cha kununua na pia cha kuihudumia nyumba na shughuli zake kwa muda mrefu. Kwa hiyo mtu aliyetoa pauni 10 alikuwa ametoa pia kwa ajili ya rangi ya mwaka 2040, na alijua.

Fedha hutoka wapi

Kampeni hiyo ya Dungeness ilipata zaidi ya wachangiaji 8,000 katika wiki kama kumi. Ni rahisi kuona hapo ushahidi kwamba haba na haba hujaza kibaba. Ukitazama kwa makini utaona zaidi ya hilo. Mfuko wa taifa wa kumbukumbu za urithi ulitoa pauni 750,000, Art Fund, asasi ya hisani ya sanaa iliyoongoza kampeni, ikatoa 500,000, na taasisi nyingine ya wafadhili ikatoa 250,000. Milango mitatu ilitoa pauni milioni 1.5, karibu nusu ya lengo. Hivi ndivyo ilivyo karibu kila mahali: sehemu kubwa ya fedha hutoka kwa watu wachache, na sehemu kubwa ya watu huleta sehemu ndogo ya fedha.

Ndiyo maana wachangishaji wazoefu hawaanzi hadharani. Huanza na awamu ya kimya, inayoweza kuchukua mwaka au zaidi, wakizungumza na wafadhili wakubwa mmoja mmoja. Kampeni hutangazwa pale ambapo nusu ya lengo au zaidi imekwisha kupatikana. Nani atatoa akiba yake ndogo kwa jambo linaloonekana limeshindikana? Mfadhili mkubwa anayeahidi kutoa sawa na kitakachochangwa na wengine hadi tarehe fulani husaidia kwa namna hiyo hiyo: anampa mtu wa kawaida sababu ya kutoa leo badala ya mwezi ujao.

Wachangiaji wadogo basi wana kazi gani? Kubwa sana, ingawa si ya kujaza kapu. Watu 8,000 ni ushahidi. Mfuko wa serikali unapoulizwa kwa nini utoe fedha za umma kwa nyumba moja, orodha hiyo ndiyo jibu. Na baada ya miaka kumi, wengi wao ndio watakaojitolea kuongoza wageni, kulima bustani, au kuacha urithi kwenye wosia.

Serikali nazo huchangia kwa mlango wa nyuma kupitia kodi. Nchini Uingereza, mlipakodi akitoa pauni 1 kwa asasi ya hisani iliyosajiliwa na kujaza tamko fupi, asasi inaweza kudai kutoka serikalini peni 25 (robo ya pauni) juu yake. Nchini Marekani mchango unaweza kupunguzwa kwenye mapato yanayotozwa kodi. Kwa hiyo kusajili asasi ni kazi ya kwanza, kabla hata ya kuchapisha kipeperushi. Makundi mengi huanza kupokea fedha kwenye akaunti ya mtu binafsi kwa sababu nyumba iko mbioni kuuzwa, na baadaye hugundua kuwa taasisi kubwa haziruhusiwi kuwapa ruzuku.

Mambo mawili zaidi huvuruga hesabu. Ahadi si fedha taslimu. Mfadhili anaweza kuahidi kiasi kikubwa kitakacholipwa kwa awamu tano za mwaka mmoja mmoja, ilhali muuzaji anataka malipo yote mwezi huu. Katikati huhitajika mkopo wa muda mfupi, na riba yake haimo kwenye kipeperushi. La pili ni masharti. Fedha iliyotolewa kwa ajili ya paa ni ya paa. Asasi inaweza kuwa na milioni benki na ikakosa ya kumlipa mlinzi, kwa sababu kila senti ina jina. Ukitaka kuisaidia nyumba kweli, toa bila sharti. Najua mchango wa namna hiyo hauwekewi kibao ukutani, lakini ndio unaolipa bili ya umeme.

Kuna pia ruzuku za kitu kisichovutia macho kabisa: mpango wa uhifadhi, yaani kitabu kinachoeleza kila sehemu ya jengo ni ya lini, ina umuhimu gani, inaumwa nini na itibiwe vipi. Kati ya mwaka 2014 na 2020, Getty Foundation ya Los Angeles ilikuwa na programu mahususi kwa majengo ya usasa duniani, na fedha zake nyingi zililipia utafiti na mipango ya aina hii. Mojawapo ya nyumba zilizonufaika ni Casa de Vidro (Nyumba ya Kioo) ya msanifu Lina Bo Bardi mjini São Paulo, iliyokamilika mwaka 1951. Ningeweka fedha za kwanza kabisa za kampeni yoyote hapo. Bila uchunguzi huo, kiasi kinachotajwa kwa ajili ya ukarabati ni cha kubahatisha, na mfadhili makini ataliona hilo kwenye ukurasa wa pili wa maombi.

Nyumba ifanye kazi gani

Swali hili hufikiriwa mwisho wakati lingepaswa kutangulia. Mtu anayechangia hanunui kuta. Ananunua kitakachotendeka ndani yake, na jibu la "itakuwa makumbusho" halitoshi tena.

Nyumba ya msanifu Rudolph Schindler huko West Hollywood, ya mwaka 1922, ilijengwa ili familia mbili ziishi na kufanya kazi pamoja, kila mtu mzima akiwa na chumba chake cha kazi. Kundi la marafiki wa nyumba hiyo liliinunua mwaka 1980 kwa msaada wa ruzuku ya jimbo la California. Kilichoifanya iishi ni makubaliano ya mwaka 1994 na makumbusho ya MAK ya Vienna, mji alikozaliwa Schindler: taasisi ya nje ikaleta maonyesho, wasanii na fedha za kila mwaka, na nyumba ikaendelea kuwa mahali pa majaribio kama ilivyokusudiwa. Nyumba ya mwandishi wa Kijerumani Thomas Mann huko Pacific Palisades, iliyosanifiwa na J. R. Davidson, ilitangazwa sokoni mwaka 2016 kana kwamba kiuzwacho ni kiwanja tu. Serikali ya Ujerumani ikainunua kwa dola milioni 13.25, na tangu mwaka 2018 wasomi na wasanii hukaa humo kwa miezi kadhaa wakifanya kazi zao. Hapo hakuna foleni ya tiketi, na umma hunufaika kupitia mihadhara na midahalo. Nchini Sri Lanka, shamba la Lunuganga alilolitengeneza msanifu Geoffrey Bawa kwa zaidi ya miaka 50 hupokea wageni wa kulala, na kipato hicho husaidia kulitunza.

Mfano wa Lunuganga unanivutia na kunitia wasiwasi kwa pamoja. Mgeni anayelala huijua nyumba kwa namna ambayo mtembezi wa dakika 45 hawezi: anaona jua la asubuhi linapoingilia. Lakini kila mlango unaofunguliwa kwa mgeni mmoja anayelipa vizuri umefungwa kwa wengine kwa saa hizo. Kama fedha zilichangwa kwa jina la umma, siku za umma ziandikwe kwenye katiba ya asasi mapema, zisiachwe kwa hisani ya meneja wa mwaka huo.

Majirani nao lazima wasikilizwe kabla ya wafadhili. Nyumba hizi ziko mitaani, kati ya familia zilizonunua utulivu. Mabasi ya wageni, magari yaliyoegeshwa mbele ya lango la mtu, muziki wa hafla za kuchangisha fedha: hayo yanatosha kuzaa pingamizi halmashauri, na kibali cha matumizi kikikataliwa, mpango wote wa mapato huanguka. Ukomo wa wageni, saa za kufunga na usafiri wa pamoja ni mambo ya kukubaliana nayo mapema, na yaingizwe kwenye ile hesabu ya nafasi zinazojazwa.

Nani ashike hati

Nyumba inaweza kushikwa na serikali, manispaa, chuo kikuu au asasi ya hisani. Kila mmoja ana udhaifu wake. Serikali hubadilika, manispaa hubana matumizi, chuo kina mabweni ya kukarabati kwanza. Mjane wa Richard Neutra, Dione, alikirithisha chuo kikuu cha umma cha Cal Poly Pomona nyumba yao ya Los Angeles iitwayo VDL. Ilikuwa zawadi ya upendo mkubwa, lakini fedha zilizoambatana nayo hazikulingana na mahitaji, na watu wa chuo wakalazimika kuchangisha ili nyumba isiharibike mikononi mwao. Wanafunzi wa usanifu ndio wanaoongoza wageni, na sidhani kuna darasa bora zaidi la kujifunza jinsi paa bapa linavyofanya kazi. Hata hivyo somo kwa anayetaka kurithisha nyumba yake liko wazi: nyumba bila wakfu ni zawadi inayoomba.

Yeyote atakayeshika hati, kuna ulinzi mmoja wa gharama nafuu: sharti la kudumu linaloandikwa kwenye hati yenyewe, likiipa asasi nyingine ya uhifadhi mamlaka ya kuzuia ubomoaji au mabadiliko hata nyumba ikiuzwa tena. Asasi hufilisika. Wajumbe wa bodi huzeeka, hugombana, huhama. Sharti la hati hubaki. Mchangiaji ana haki ya kuuliza kama lipo kabla ya kutoa fedha yake.

Muda ndio gharama ambayo hakuna bajeti niliyowahi kuiona ikiipa uzito wa kutosha. Pwani ya kusini ya Ufaransa, huko Roquebrune-Cap-Martin, msanifu Eileen Gray alijenga pamoja na Jean Badovici nyumba iitwayo E-1027, ikakamilika mwaka 1929. Mwishoni mwa karne ilikuwa imetelekezwa: samani zimeuzwa, wavamizi wamepita, zege limeliwa na hewa ya bahari. Mwaka 1999 shirika la umma linalolinda fukwe za Ufaransa, Conservatoire du littoral, liliinunua kwa kushirikiana na manispaa. Awamu ya kwanza ya ukarabati ililalamikiwa sana na wataalamu, na sehemu ya kazi ikabidi irudiwe. Mwaka 2014 ikaundwa asasi ya Cap Moderne kusimamia eneo na kuchangisha fedha za watu binafsi pamoja na za serikali. Wageni wakaanza kupokelewa kwa makundi madogo yanayoweka nafasi mapema na kufika kwa miguu. Samani zikatengenezwa upya moja baada ya nyingine. Ukarabati ulikamilika mwaka 2021. Kutoka hati ya ununuzi hadi hapo ni miaka 22, na kundi lolote linaloanza kuchangisha leo lina wajibu wa kuandika kwenye bajeti yake mshahara wa mtu atakayekuwa akijibu barua za wachangiaji mwaka wa 15.